Ukifokewa, usifiche dawa uliyompa mtoto

Tuseme una mtoto wa miaka miwili. Jana jioni mwili ulichemka, usiku akakakamaa na macho yakageuka juu. Nyumbani wamesema ni degedege, mambo ya mashetani, hospitali hawaliwezi. Bibi amemfukiza na kumnywesha dawa ya mizizi, mganga wa jirani amemchanja chale mbili kifuani. Asubuhi unafika zahanati, umetembea tangu alfajiri, kanga imejaa vumbi. Aliyeko dirishani anaziona chale kabla hajamwona mtoto. "Nyie watu wa porini mtabadilika lini?"

Baada ya muda daktari anakuuliza, "Umempa dawa gani?" Unajibu, "Sijampa kitu."

Jibu hilo ndilo ninaloliogopa.

Katika utafiti wa kitaifa wa mwaka 2022, Tabora iliongoza nchini kwa malaria ya watoto walio chini ya miaka mitano: asilimia 23, wakati wastani wa nchi ulikuwa asilimia 8. Degedege kwa mtoto mwenye homa huweza kuwa dalili ya malaria kali, au ya homa ya uti wa mgongo, au likatokana na joto la homa yoyote. Daktari hutofautisha kwa vipimo na kwa maelezo yako. Baadhi ya mizizi huumiza ini na figo. Wembe mchafu huweza kuleta pepopunda. Vidonge vya malaria vya dukani, ukivitoa nusu dozi, hutuliza homa kidogo na kumpotosha anayempima. Mama aliyeaibishwa hurudi na yote hayo moyoni, na safari ijayo atachelewa zaidi kuja.

Kumpima mtu kwa alikotoka si jambo geni Tabora. Katika karne ya 19 misafara ilitoka Bagamoyo, ikapita hapa na kuendelea hadi Ujiji. Wapagazi wengi walikuwa Wanyamwezi, na wako waliopita njia hiyo wakiwa na minyororo shingoni. Lakini wa pwani walijiita waungwana, na watu wa bara wakawaita washenzi. Siku hizi neno limebadili nguo: utasikia "wa porini", au "mkimbizi". Kule Ulyankulu zipo familia zilizokimbia Burundi mwaka 1972, zikaanza kupewa vyeti vya uraia wa Tanzania mwaka 2014. Cheti hakifuti neno kinywani mwa mtu.

Njia hiyohiyo ya misafara ilikuza utani wa Wanyamwezi na watu wa pwani, na wapo wahudumu watakaokwambia walikuwa wanatania tu. Mimi naupenda utani. Lakini watani hutukanana kwa sababu kila mmoja ana haki ya kujibu. Mama aliyebeba mtoto mgonjwa atamjibu nani?

Mhudumu huyo huenda si mtu mbaya. Ubongo wa binadamu hupanga watu kwa makundi upesi sana, na uchovu pamoja na foleni ndefu huuzidishia haraka. Elimu peke yake haiponyi. Mwaka 2016 watafiti wa Chuo Kikuu cha Virginia, Marekani, waliwachunguza wanafunzi wa udaktari na madaktari vijana Weupe. Takriban nusu yao waliamini angalau uongo mmoja kuhusu miili ya Weusi, kwa mfano kwamba ngozi yao ni nene zaidi. Walioamini mambo hayo waliyaona maumivu ya mgonjwa Mweusi kuwa madogo, na ushauri wao wa tiba ulikosea zaidi.

Nasi wagonjwa tunayo ya kwetu. Tunamkataa mkunga kwa kuwa ni mwanamume, au tunamdharau daktari kijana kwa kuwa hana mvi.

Basi ukifika dirishani, anza na ugonjwa: "Mtoto amepata degedege mara mbili, homa ilianza jana jioni." Sema na saa. Taja kila alichokunywa, cha dukani na cha mizizi, na onyesha chale mwenyewe. Ukiweza, nenda na mtu wa kukusemea ukishikwa na kigugumizi. Degedege likirudi njiani, mlaze ubavu, usimtie kijiko wala dawa mdomoni.

Ukitukanwa, mtoto atibiwe kwanza. Kisha mwone mganga mfawidhi wa kituo, au afisa ustawi wa jamii kama ni hospitali, ueleze siku, saa na maneno yaliyotamkwa.

Na kama ulishasema "sijampa kitu", rudi kwa daktari au muuguzi: "Kuna jambo sikukueleza, jana saa mbili usiku alikunywa dawa ya mizizi." Hata kama ameshaanza kuchomwa sindano, bado hujachelewa kusema.