Visiwa vya Solomon: Polisi Mbele, Jeshi Nyuma

Julai 24, 2003, ndege za kijeshi zilitua Honiara, mji mkuu wa Visiwa vya Solomon, zikishusha askari wa Australia, New Zealand na majirani zao wa Pasifiki. Ujumbe huo wa kikanda wa kuisaidia nchi hiyo, uliojulikana kama RAMSI, ulikuwa na takriban wanajeshi 1,800, lakini mkuu wake hakuwa jenerali. Alikuwa mwanadiplomasia, Nick Warner, na kazi ya kukamata wahalifu ilikuwa ya polisi. Jeshi liliwalinda polisi hao.

Mpangilio huo ulitokana na ugonjwa wenyewe ambao ujumbe ulikuja kuutibu. Tangu 1998, vijana wenye silaha wa kisiwa cha Guadalcanal waliwafukuza wahamiaji kutoka kisiwa cha Malaita kwa sababu ya ugomvi wa ardhi na ajira. Watu wa Malaita nao wakaunda kundi lao. Juni 2000 kundi hilo, likishirikiana na baadhi ya polisi, lilivamia ghala la silaha la polisi, likamshika Waziri Mkuu Bartholomew Ulufa'alu na kumlazimisha ajiuzulu. Bunduki zilizonunuliwa kumlinda raia zikageuka za kumpora. Jeshi la kigeni lingeweza kuwashinda waasi, lakini lisingemfanya mwananchi aingie tena kituo cha polisi bila woga. Ndiyo maana polisi wageni walipiga doria pamoja na wenyeji, huku polisi wenyeji waliohusika na uhalifu wakiondolewa kazini.

Mgeni njoo, mwenyeji apone, husema wahenga. Mgeni huyu alialikwa rasmi: Waziri Mkuu Allan Kemakeza aliomba msaada, na Bunge likapitisha sheria ya kuupokea. Hivyo aliyepinga doria alikuwa akipinga sheria ya nchi yake.

Mtihani mkubwa ulikuwa Weather Coast, kusini mwa Guadalcanal, ambako milima huteremka hadi baharini na mtu hufika kwa boti au helikopta. Huko ndiko alikojificha Harold Keke, kiongozi wa waasi aliyeogopwa kuliko wote. Agosti 2003 alijisalimisha bila vita. Silaha zaidi ya 3,000 zilikusanywa na kuharibiwa.

Hata hivyo, Aprili 2006, baada ya Snyder Rini kuchaguliwa waziri mkuu, wananchi wenye hasira walichoma mtaa wa Wachina wa Honiara, RAMSI ikiwa bado ipo. Ujumbe ulifungwa Juni 2017. Novemba 2021 mtaa uleule uliungua tena, na Australia, Fiji, Papua New Guinea na New Zealand zikatuma tena askari.

Bunduki hukusanywa, zikahesabiwa, zikakatwakatwa. Swali la nani ana haki ya kuishi na kulima Guadalcanal, na Malaita inapata nini kutoka serikalini, halipelekwi kituo cha polisi. Hilo lilibaki mikononi mwa wenyeji siku ndege ya mwisho ya RAMSI ilipoondoka.