Shahada ya Nani? Maneno ya Chuo Kikuu na Habari za Utafiti katika Kiswahili

1.0 Utangulizi

Chuo kikuu chochote hutangaza mambo mawili: watu wake na kazi zao. Hutangaza nani amehitimu, nani amepandishwa cheo na ndaki ipi imepata rasi mpya. Hutangaza pia, au hupaswa kutangaza, yale ambayo wanataaluma wake wameyagundua. Nchini Tanzania tangazo la aina ya kwanza huweza kusomwa kwa Kiswahili tangu neno la mwanzo hadi la mwisho bila msomaji kukwama. Tangazo la aina ya pili ni nadra kupatikana katika lugha hiyo, na likipatikana huwa ni muhtasari mfupi wa kazi iliyoandikwa kwa Kiingereza.

Mhadhara huu unachunguza chanzo cha tofauti hiyo. Hoja inayotetewa ni kwamba upungufu wa maneno si chanzo chake. Maneno yaliundwa, yakajadiliwa na kuchapishwa. Yale yaliyopewa kazi ya kila siku yaliishi, na yale yaliyonyimwa kazi yalibaki kwenye kurasa za kamusi.

2.0 Maneno ya Kale, Kazi Mpya

Ni vyema kuanza na neno lenyewe chuo. Katika Kiswahili cha kale chuo ni kitabu. Watunga kamusi wa karne ya 19 waliliingiza kwa maana hiyo, na wingi wake, vyuo, ulikuwa na maana ya vitabu. Chuoni palikuwa mahali ambapo mtoto alipelekwa kujifunza kusoma Kurani. Neno kitabu, lenye asili ya Kiarabu, lilipochukua nafasi ya kitu kinachosomwa, chuo lilibakiwa na maana ya mahali pa kusomea. Alama ya maana ya awali haijafutika. Katika lahaja za kaskazini wingi wa chuo ni zuo, na ndiko lilikotoka neno mwanazuoni. Msomi huyo, kwa asili ya jina lake, ni mwana wa vitabu kabla ya kuwa mtu wa taasisi.

Shahada nalo ni neno lililopanuliwa maana. Asili yake ni ushuhuda, na kwa Waislamu ni tamko la imani. Chuo kinapomtunuku mtu shahada kinatoa ushahidi mbele ya jamii kwamba mtu huyo anajua jambo fulani. Mahafali, kwa asili yake ya Kiarabu, ni mikusanyiko, na tasnifu ni utungo uliopangwa. Mhadhara na mhadhiri vimetoka katika mzizi mmoja wa lugha hiyohiyo.

Maneno haya yana sifa moja ya pamoja. Hayakuhitaji kuelezwa upya kwa raia wa kawaida, kwa kuwa yalikwishakuwa na makazi msikitini, madrasani na katika mabaraza ya wazee. Chuo kikuu kiliyakuta na kuyaazima.

3.0 Uchunguzi wa Lugha Ulivyoingia Chuo Kikuu

Uchunguzi wa Kiswahili ni mkongwe kuliko chuo kikuu kinachouhifadhi. Kamati ya Lugha ya Afrika Mashariki ilianza kazi tarehe 1 Januari 1930, baada ya mkutano wa Mombasa wa mwaka 1928 kuichagua lahaja ya Kiunguja kuwa msingi wa usanifishaji. Katibu wake wa kwanza alikuwa Frederick Johnson, ambaye kazi yake ya kamusi ilichapishwa mwaka 1939, miaka miwili baada ya kufariki kwake. Kamati hiyo ilikuwa chombo cha serikali za kikoloni za Tanganyika, Kenya, Uganda na Zanzibar, na makao yake yalihama mara kadhaa: kutoka Dar es Salaam hadi Nairobi mwaka 1942, kisha Makerere mwaka 1952, kisha Mombasa mwaka 1962, na hatimaye kurudi Dar es Salaam mwaka 1964.

Marejeo hayo ya mwaka 1964 yalikuwa na uzito wa pekee, kwa sababu kamati iligeuka kuwa chombo cha uchunguzi ndani ya chuo. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilipojitegemea mwaka 1970, chombo hicho kilijulikana kama Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili, yaani TUKI. Mwaka huohuo ilianzishwa Idara ya Kiswahili, ambayo masomo yake yalifundishwa kwa Kiswahili. Taasisi ilichunguza na Idara ikafundisha, mpaka mwaka 2009 zilipounganishwa kuwa Taasisi ya Taaluma za Kiswahili, TATAKI.

Aidha, mwaka 1967 Bunge lilikuwa limeunda Baraza la Kiswahili la Taifa, ambalo miongoni mwa kazi zake ni kusanifisha istilahi. Kwa hiyo, kufikia mwaka 1970 nchi ilikuwa na chombo cha kuchunguza lugha, chombo cha kuidhinisha maneno na darasa la chuo kikuu la kuyatumia. Darasa hilo, hata hivyo, lilikuwa la somo moja tu.

4.0 Maneno ya Ngazi na Madaraka

Istilahi za utawala wa chuo zilipata mafanikio ya haraka. Kitivo, neno lililokuwa likitaja ardhi yenye rutuba, lilipewa mkusanyiko wa idara. Vitivo kadhaa vya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam vilipounganishwa mwanzoni mwa karne hii, ndaki likashika nafasi, na msimamizi wake akaitwa rasi, neno la Kiarabu lenye maana ya kichwa. Amidi naye akapewa uongozi wa shule kuu. Uzamivu, ngazi ya shahada ya tatu, limetokana na kitenzi kuzama: msomi wa ngazi hiyo ni mtu aliyeshuka chini ya uso wa maji.

Ukubalifu wa maneno haya haukuwa sawa kila mahali. Nchini Kenya husemwa uzamifu badala ya uzamivu, bewa badala ya kampasi, na naibu chansela pale ambapo Tanzania husema makamu mkuu wa chuo. Katika Tanzania yenyewe shahada ya pili huitwa uzamili na wengine, umahiri na wengine. Tofauti hizi humsumbua mfasiri, lakini hazijazuia mawasiliano. Kinyume chake, zinathibitisha kwamba maneno hayo yako kazini, kwa kuwa neno lisilotumika halipati mpinzani.

Sababu ya mafanikio hayo ni nyepesi. Barua ya uteuzi lazima iandikwe, tangazo la mahafali lazima lisomwe mbele ya wazazi, na kibao lazima kibandikwe mlangoni. Hitaji lilikuwapo kila siku, na neno likalifuata.

5.0 Kamusi Mbili za Mwaka Mmoja

Mfano ulio bora zaidi umo katika kazi za TUKI zenyewe. Mwaka 1990 Taasisi ilichapisha Kamusi Sanifu ya Isimu na Lugha. Mwaka huohuo ilichapisha pia Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia. Kamusi zote mbili zilitoka katika taasisi ileile, na mbinu za uundaji zilikuwa zilezile: kukopa na kutohoa, kuunda kwa viambishi, na kupanua maana ya neno lililopo.

Matokeo yake yametofautiana sana. Istilahi za isimu leo ni mali ya kila mwanafunzi wa Kiswahili. Fonimu, mofimu, kirai, kishazi na kiarifu husikika katika semina, huandikwa katika mitihani na hubishaniwa katika majarida. Istilahi za sayansi za ngazi ya juu hazikupata bahati hiyo. Mhadhiri wa kemia hazihitaji, kwa kuwa mhadhara wake ni wa Kiingereza, na mwanafunzi wake hazitafuti, kwa kuwa mtihani wake ni wa Kiingereza.

Huenda ikadaiwa kwamba istilahi za isimu zilifaulu kwa sababu zinafanana zaidi na Kiswahili. Dai hilo halina mashiko. Fonimu na mofimu ni maneno ya mkopo kama yalivyo atomu na molekuli, na kirai hakikuwa na maana ya kiisimu kabla ya wanaisimu kukipa. Ugeni wa neno au wenyeji wake haukuamua hatima yake.

Ushahidi mwingine unapatikana katika shule za msingi, ambako Kiswahili kimekuwa lugha ya kufundishia madarasa yote ya shule za umma tangu mwishoni mwa miaka ya 1960. Mtoto wa shule hizo hujua pembetatu, kipenyo na usanisinuru bila kuona ugeni wowote. Neno usanisinuru liliundwa kwa makusudi kama yalivyoundwa mengine yaliyosahauliwa, lakini lilipata ubao, chaki na mtoto wa kulitamka. Mtoto huyohuyo akiingia kidato cha kwanza hulazimika kuliweka kando na kuanza upya kwa lugha nyingine.

Tume ya Rais ya Elimu, chini ya uenyekiti wa Jackson Makweta, ilipendekeza mwaka 1982 kwamba Kiswahili kianze kufundishia katika sekondari mwaka 1985 na kupanda hatua kwa hatua hadi chuo kikuu. Pendekezo hilo halikutekelezwa. Kwa hiyo kamusi ya sayansi ya mwaka 1990 ilizaliwa wakati mlango uliokusudiwa kuipokea ulikwishafungwa.

Wapo wanaopinga kwa hoja zinazostahili heshima. Wanasema kwamba sayansi hubadilika upesi, kwamba vitabu ni ghali, na kwamba mtaalamu asiyejua Kiingereza atatengwa na wenzake duniani. Hoja hizi zinathibitisha umuhimu wa kufundisha Kiingereza vizuri. Hazithibitishi kwamba utafiti ukae kimya katika Kiswahili.

6.0 Utafiti Unaotoka na Usiorudi

Hasara ya ukimya huo huonekana waziwazi nje ya mipaka ya chuo. Mtafiti wa afya au wa kilimo huenda kijijini na dodoso la Kiswahili. Huuliza kwa Kiswahili, hujibiwa kwa Kiswahili, na huandika majibu kwa Kiswahili. Kisha data hutafsiriwa, huchambuliwa na kuchapishwa kwa Kiingereza. Kwa aliyetoa majibu, safari ya maarifa yake huishia pale mtafiti alipofunga daftari.

Mfano wa degedege unatosha. Tangu miaka ya 1990 tafiti kadhaa za kijamii na kitabibu, zikiwamo zilizofanywa Bagamoyo na Kilifi, zimeonesha kwamba familia nyingi za pwani hazikuhesabu degedege kuwa aina ya malaria. Kwao malaria ilikuwa homa. Degedege, yaani mtoto kukakamaa na kutikisika, ulikuwa ugonjwa mwingine uliohusishwa na ndege au pepo, na tiba yake ilitafutwa kwanza kwa mganga. Kumbe malaria kali ni mojawapo ya vyanzo vikubwa vya hali hiyo kwa watoto wadogo.

Hapa suala la istilahi linakuwa suala la uhai. Ujumbe unaomhimiza mama amwahishe hospitali mtoto mwenye malaria haumgusi mama ambaye mtoto wake, kwa ufahamu wake, ana degedege. Neno la kitaalamu la Kiingereza hutaja mtikisiko wa mwili tu. Neno la Kiswahili hubeba pia maelezo ya chanzo na uamuzi wa wapi pa kwenda. Mtafiti anayeandika kwa Kiingereza pekee anaweza kulieleza jambo hili kwa ustadi mkubwa, lakini maelezo yake humfikia daktari mwenzake kabla ya kumfikia mama huyo, kama yatamfikia kabisa. Anayelazimika kuandika kwa Kiswahili hukutana na neno hilo ana kwa ana, na hawezi kulikwepa.

7.0 Hitimisho

Imeelezwa kwamba maneno ya chuo kikuu katika Kiswahili yamepita njia mbili. Yale ya ngazi, vyeo na isimu yalipewa kazi na yakakomaa. Yale ya sayansi za juu yaliundwa na mafundi walewale, kwa zana zilezile, lakini hayakuajiriwa. Hivyo basi, kuendelea kuunda orodha za istilahi bila kuandika matokeo ya utafiti kwa Kiswahili ni sawa na kuchonga majembe na kuyatundika ukutani.

Hatua ya kwanza haihitaji kusubiri mabadiliko ya lugha ya kufundishia. Inatosha kila tasnifu inayotokana na maelezo ya wasemaji wa Kiswahili iambatane na sura kamili ya Kiswahili inayoeleza lililogunduliwa, na sura hiyo itahiniwe kama sura nyingine zote. Mtahini atauliza maana ya kila istilahi, mtahiniwa atalazimika kuitetea, na kamusi ya mwaka 1990 itafunguliwa kwa sababu inahitajika.

Shahada, kama ilivyoelezwa, ni ushahidi. Shahidi husemea mbele ya watu, kwa lugha ambayo baraza linaielewa.