Kapita na Watu Wake

Wengi wanafikiri kuongoza ni kuamuru tu. Sisi tunaona sivyo. Tutazame mitumbwi ya Kasenyi inayoingia jioni katika Ziwa Albert (wazazi wetu walifundishwa kuliita Mobutu Sese Seko toka 1973). Kapita anaongoza, wengine wanavuta nyavu, na mmoja, mara nyingi kijana, anachota maji na kuyamwaga.

Huyu wa maji ndiye anayeona kwanza kama ubao umefunguka. Akisema, "Kapita, maji inaingia," na kapita akamtukana mbele ya wenzake, siku nyingine atanyamaza, atachota tu, na wote watazama. Kwa hiyo kapita mwenye akili anauliza mwenyewe: "Huko nyuma, namna gani?" Halafu anageuza mtumbwi, ao anaeleza kwa nini wanaendelea.

Wakirudi kando kuna jambo gumu zaidi: mafranka. Bei ya esansi inatolewa kwanza, kinachobaki kinagawiwa. Kapita akihesabu peke yake na mwenye mtumbwi, hata kama hakuiba, watu watasema ameiba. Ahesabu mbele yao, zaidi sana ile siku ya hasara. Watanung'unika, ndiyo, lakini jioni watapanda tena.