Keti Kwanza Kabla ya Kupanda Juu ya Paa

Somo: Luka 14:25-33

Leo nataka tuzungumze juu ya jambo linalofikiriwa katika nyumba nyingi: je, tutie umeme wa jua nyumbani, au tungoje? Labda unauliza, jambo hili lina uhusiano gani na Neno la Mungu? Nisikilize kidogo.

Mwaka 2011 nguzo za umeme zilikuwa hazijafika kwetu. Watoto walisoma kwa koroboi, na asubuhi walipopenga kamasi, ilitoka nyeusi kwa moshi. Jirani yetu akatia sola na televisheni. Kila jioni watoto wangu walikimbilia kwake, nami nikaona aibu. Wakati huo mke wangu na mimi tulikuwa tumeweka akiba ya kununua tangi la maji, maana yeye ndiye aliyepanda mlima kutoka mtoni na mtungi mgongoni. Siku moja nilichukua fedha zile bila kumwambia, nikanunua paneli, betri ya gari na televisheni. Muuzaji aliniambia vitawasha kila kitu, nami sikuuliza neno la pili.

Miezi michache tulifurahi. Kisha ukaja mwezi wa Julai, na baridi na ukungu wake. Jua lilionekana kidogo tu, nasi tuliendelea kutazama televisheni mpaka betri ikaisha kabisa, usiku baada ya usiku. Kabla ya mwaka kwisha betri ilikufa. Tukarudia koroboi, na tangi halikuwapo. Mke wangu hakunigombeza. Aliniuliza neno moja tu: "Baba watoto, ulipiga hesabu?" Kisha akachukua mtungi akaenda mtoni.

Katika somo letu Bwana Yesu anasema habari za mtu anayetaka kujenga mnara. Mtu mwenye akili huketi kwanza, akahesabu kama mali yake itatosha kuumaliza. Asipofanya hivyo, ataweka msingi na kuishia hapo, na wapitao watamcheka. Angalia neno hilo, kuketi. Mimi sikuketi. Nilikwenda dukani nikiwa nimesimama, nikisukumwa na wivu.

Basi wewe unayefikiria sola, keti na mwenzi wako, mchukue karatasi na kalamu. Andikeni kwanza mnachohitaji, wala si alicho nacho jirani. Tuseme ni taa nne za wati 5, zikiwaka saa 5 kila usiku. Zidisha wati kwa saa: hiyo ni 100. Redio ya wati 5 kwa saa 6 ni 30. Simu mbili, tuziwekee 20. Jumla ni 150 kwa siku, na hesabu hiyo huitwa wati-saa. Televisheni ndogo ya wati 30 kwa saa 4 itaongeza 120, na jumla itakuwa 270. Lakini pasi ya wati 1,000, ikitumika saa moja tu, hula umeme wa taa zile, redio na simu wa siku sita na zaidi. Kwa hiyo usimwamini anayekuambia paneli moja ndogo itafanya kila kitu.

Pili, hesabuni jua la mwezi mbaya, si la mwezi mzuri. Sehemu nyingi za Kenya hupata jua la kutosha, lakini milimani wakati wa ukungu, afadhali uhesabu kama saa 3 tu za jua kali kwa siku. Na sehemu ya umeme hupotea njiani, katika nyaya na betri. Kwa mahitaji yale ya 150, paneli ya wati 80 yafaa. Ukiongeza televisheni, tafuta ya wati 150. Iwekwe mahali pasipo kivuli, maana hata kivuli cha tawi moja la mparachichi hupunguza nguvu za paneli nzima.

Tatu, betri. Hapa ndipo wengi huanguka. Paneli nzuri yaweza kufanya kazi miaka 25. Betri ya maji ya asidi mara nyingi hudumu miaka mitatu hadi mitano, na hiyo ni kama hutumii zaidi ya nusu ya nguvu zake. Kwa taa, redio na simu, ili zikae siku mbili za mawingu, hitaji ni betri ya volti 12 yenye ampea-saa 50. Betri za lithiamu hudumu zaidi, lakini bei yake ya kwanza ni kubwa. Basi anzeni mapema kuweka akiba ya betri itakayofuata. Na kifaa cha kuzuia betri isijazwe kupita kiasi wala kuisha kabisa kisikosekane.

Nne, jihadharini na deni. Siku hizi twaweza kulipa kidogo kidogo kwa simu, na jambo hilo limewasaidia wengi. Lakini zidisheni kabla ya kutia sahihi. Shilingi 50 kila siku kwa siku 400 ni shilingi 20,000, bila malipo ya kwanza. Linganisheni na bei ya kulipa mara moja, na gharama yenu ya mafuta ya taa. Tena jiulizeni: mwezi mtakapokosa, taa ikafungwa, mtafanyaje? Na fundi awe mwenye leseni ya EPRA, mamlaka inayosimamia kawi katika Kenya. Mwombeni awaonyeshe leseni hiyo, wala msione haya.

Sisi tuliketi mwaka 2013. Nilimwomba mke wangu msamaha mbele ya watoto. Tukapatana tununue tangi kwanza, na mwaka uliofuata taa nne na redio, bila televisheni. Taa zile ziliwaka hata Julai, na watoto wakasoma vitabu vyao nyumbani.

Ndugu zangu, Bwana Yesu hakuwa akifundisha ujenzi. Alikuwa akisema na watu wengi waliomfuata kwa msisimko, apate kuwauliza kama wako tayari kumfuata mpaka mwisho. Kuokoka siku ya mkutano mkubwa si vigumu. Je, Julai ya maisha yako ikija, ugonjwa, njaa au kuachwa, utakuwa ungali naye? Na aliye mwaminifu kwa Mungu hamfichi mkewe fedha. Nyumba ambayo mume na mke hawaketi pamoja ina giza, hata ikiwa na paneli kumi juu ya paa.

Tuombe. Ee Baba, utufundishe kuketi kabla ya kutenda. Utuondolee wivu na kiburi. Uwape nuru watoto wanaosoma gizani usiku huu, nasi utuwezeshe kukufuata hata mwisho. Kwa jina la Yesu. Amina.