Simu Haifundishi Kama Hakuna wa Kujibu

Wasikilizaji, juma hili tuzungumzie jambo lililoingia katika nyumba nyingi za mijini bila kupiga hodi, nalo ni masomo yanayotumwa kwa simu ya mkononi. Saa mbili usiku simu ya mzazi inalia. Ni kundi la WhatsApp la darasa. Mwalimu ametuma picha ya maswali kumi ya hesabu, na chini yake wazazi wanaandika "asante mwalimu", "tumepokea". Mtoto anapewa simu, ananakili, kesho anakusanya daftari. Je, hapo amefundishwa?

Jambo hili lilishika kasi mwaka 2020, shule zilipofungwa kwa sababu ya korona. Hata hivyo, si geni. Huko Afrika Kusini, mwaka 2007, vijana walikuwa wakipiga soga kwa Mxit, programu ya simu ambayo ujumbe wake uligharimu kidogo sana kuliko ujumbe mfupi wa kawaida. Bi Laurie Butgereit, mtafiti wa Taasisi ya Meraka mjini Pretoria, akaanza kumsaidia mwanawe hesabu kwa njia hiyo. Marafiki wa mtoto wakafuata, kisha marafiki wa marafiki, na ikazaliwa huduma iliyoitwa Dr Math. Maelfu ya wanafunzi waliuliza maswali yao, na miongoni mwa waliojibu walikuwamo wanafunzi wa uhandisi wa Chuo Kikuu cha Pretoria. Namba za simu za pande zote mbili zilifichwa. (Katika kundi la kawaida la darasa, kila aliyemo anaiona namba ya mwenzake, na sioni wazazi wengi wakiliuliza hilo.) Mxit imekwisha kufungwa, lakini angalieni mpango wenyewe: mtoto ndiye aliyeanza kuuliza, na upande wa pili kulikuwa na mtu.

Kwamba mtu huyo ndiye dawa, tumelijua vizuri zaidi kutoka Botswana. Shule zilipofungwa mwaka 2020, familia zipatazo 4,500 ziligawanywa kwa kura katika mafungu matatu. Fungu la kwanza lilipelekewa kila juma ujumbe wenye maswali mepesi ya hesabu. La pili lilipata ujumbe huo huo na kupigiwa simu ya dakika zipatazo 20, mzazi na mtoto wakisikiliza pamoja. La tatu halikupata kitu. Matokeo yalichapishwa mwaka 2022. Waliopigiwa simu walisonga mbele katika hesabu; waliopata ujumbe mtupu hawakuonyesha tofauti ya kutegemewa na wale wasiopata kitu. Baadaye mpango wa namna hiyo ulijaribiwa Kenya, Uganda, India, Nepal na Ufilipino, na huko nako simu ilifanya kazi kubwa kuliko ujumbe.

Sababu si ngumu kuiona. Ujumbe hauna masikio. Mtoto anayeshindwa kugawanya huenda tatizo lake ni kutoa, na swali lililotumwa kwa darasa zima haliwezi kuligundua hilo. Anayepiga simu humwuliza, husikia alipokwama, akarudi nyuma naye. Mzazi aliye pembeni naye hujua mtoto wake yuko wapi, tena bila kungoja ripoti ya mwisho wa muhula.

Sasa tupige hesabu. Dakika 20 kwa kila mtoto mara moja kwa juma ni saa 20 kwa mwalimu mwenye watoto 60, juu ya vipindi vyake vya darasani na, kama mambo yataachwa yalivyo, kwa vocha yake mwenyewe. Hawezi. Lakini anaweza kuwapigia wanane walio nyuma kabisa, na vijana wa vyuo vya ualimu wanaweza kugawana waliobaki, kama walivyofanya wenzao wa Pretoria. Mkutano ujao wa wazazi, shule inapojisifu kwa kundi lake la WhatsApp, iulizwe ni watoto gani watakaopigiwa, na vocha italipwa kutoka fungu lipi.