Kompyuta Ikiwa Nzito, Usikimbilie Prosesa

Anayetafuta kompyuta ya nyumbani Mwanga au Ujiji, mjini Kigoma, huulizwa kwanza kama anataka prosesa ya i3, i5 au i7, kana kwamba hapo ndipo penye uhai wote wa mashine. Kwa anayeandika barua, kuweka hesabu za duka, kutazama video na kuperuzi intaneti, prosesa aliyonayo mara nyingi inamtosha. Fedha zake zingemfaa zaidi kwenye diski na RAM. Ushahidi umo ndani ya mashine yenyewe. Kompyuta ya Windows ikikwama, bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja, kisha soma asilimia zinazotokea. Mashine ya mtumba yenye diski ya kuzunguka mara nyingi huonyesha diski imefika asilimia 100 huku prosesa haina kazi kubwa. Diski ya mizunguko 5,400 kwa dakika humaliza mzunguko mmoja kwa milisekunde 11 hivi. Muda huo prosesa ya gigahezi 2 imepiga midundo milioni 22, mingi ikisubiri tu. Ndivyo ilivyo bandarini Kigoma: treni yenye shehena ya Bujumbura ikichelewa Tabora, kreni mpya haisaidii kitu. Diski ya SSD haina kinachozunguka, hivyo hufikia data kwa sehemu ndogo ya milisekunde. Na RAM ikijaa, mashine hulazimika kuhamishia kazi kwenye diski, ndipo uzito unapozidi.

Intaneti nayo haiijali prosesa. Kupakua gigabaiti 1 kwa kasi ya megabiti 4 kwa sekunde huchukua zaidi ya nusu saa, iwe kwa i3 au i7. Tena namba hizo hupotosha zisiposomwa pamoja na kizazi cha prosesa. Core i7-2620M ya laptop za mwaka 2011 ina kori 2 na imekadiriwa wati 35; Core i5-8250U ya mwaka 2017 ina kori 4 kwa wati 15. Anayelipia zaidi kwa sababu ya neno i7 pekee anaweza kuondoka na mashine dhaifu na yenye kula umeme zaidi.

Wapo watakaopinga, na wana hoja. Anayehariri video za harusi au kuchora ramani za majengo anaihitaji prosesa yenye nguvu, kwa kuwa kazi yake huitumikisha kwa saa nyingi. Pia Microsoft ilisitisha huduma ya kawaida ya Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 haizikubali rasmi prosesa nyingi za zamani. Hoja hiyo ni nzito kwa sababu inagusa usalama. Hata hivyo, inadai prosesa ya kizazi kinachokubalika, si yenye kasi kuliko zote. Na asiyefungwa na programu za Windows anaweza kuweka Linux bila malipo. Kwa anayetegemea sola vijijini mwambao wa Ziwa Tanganyika, wati chache zina faida kubwa kuliko gigahezi nyingi.

Kwa hiyo, kabla hujalipa, mwambie fundi afungue mashine mbele yako: atoe vumbi kwenye feni, akuonyeshe aina ya diski na kiasi cha RAM. Ukiweka SSD na RAM ya gigabaiti 8, kisha prosesa ikabaki asilimia 100 katika kazi zako za kila siku, hapo nunua nyingine. Kabla ya hapo, tunza fedha zako.