The Face

The Face ni jarida la Uingereza kuhusu muziki, mitindo na maisha ya vijana. Lilianzishwa na Nick Logan mnamo Mei 1980. Jalada la kwanza lilikuwa na picha ya Jerry Dammers wa bendi ya The Specials.

Kuanzia mwaka 1981 hadi 1986 lilisanifiwa na Neville Brody, aliyechora mwenyewe herufi za vichwa vingi vya makala. Kichwa cha ukurasa wa yaliyomo alikivunjavunja toleo baada ya toleo hadi zikabaki alama tu zisizosomeka, jambo ambalo katika kitabu cha shule lingehesabiwa kosa. Lakini msomaji wa kila toleo alikwisha kuuzoea ukurasa huo.

Matangazo ya biashara yalipoiga mtindo wake, Brody alitumia herufi za kawaida za Helvetica katika Arena, jarida jingine la Logan lililoanza 1986. The Face lilifungwa mwaka 2004, likarudi 2019.